Rangi na Chasisi: Namna ya Kuipima Filamu ya Kijasusi ya Zamani

Ukiweka filamu ya James Bond ya mwaka 1973 mbele ya vijana wa Kariobangi, Nairobi, leo, watacheka. Watazicheka suruali zilizopanuka miguuni na ndevu za mashavuni. Wataicheka saa ya mkononi inayoshusha zipu ya gauni la mwanamke kwa nguvu za sumaku. Na pale jambazi mkuu anapolazimishwa kumeza risasi ya gesi, akafura, akapaa hadi darini na kupasuka, kibanda kizima cha video kitaangua kicheko, na watakuwa na haki.

Kazi ya mpimaji huanza kicheko kikiisha. Filamu yenyewe ni Live and Let Die, ya nane katika mfululizo wa Bond, ya kwanza kwa Roger Moore, ikaongozwa na Guy Hamilton. Hadi leo inagawa watu. Kuna wanaosema ni takataka ya kibaguzi isiyofaa hata kukaa kwenye flashi. Kuna wanaosema ni ya kitambo tu, na ya kitambo husamehewa. Nimesikia pande zote mbili zikibishana hadi mwenye video akatishia kuzima mashine, na ninachokiona ni kwamba wote wanatazama mahali pamoja: juu juu.

Twende Kariobangi Light Industries kidogo, kule kwenye mafundi wa bodi. Mnunuzi mgeni akiletewa gari la mkono wa pili hutazama rangi. Fundi haijali rangi. Hugonga bodi kwa vifundo vya vidole asikie wapi pamejazwa puti, kisha hulala chini ya gari kuangalia chasisi: imepinda, imeungwa, imeoza na kutu? Gari lenye rangi mbaya na chasisi nzima litakufikisha Kitui. Lenye rangi ya kung'aa na chasisi iliyoungwa litakuua hapo barabara ya Outering. Filamu kongwe nayo ina rangi na ina chasisi. Rangi ni mavazi, vifaa, utani, mitindo ya kutongoza. Chasisi ni kile ambacho ukikiondoa hadithi haisimami tena. Kwa hiyo ukikuta jambo linalokuudhi, jiulize: nikiling'oa, je, hadithi itaendelea kutembea? Ikitembea, hiyo ni rangi, ichekee uendelee. Ikianguka, umepata kutu yenyewe.

Kabla ya hapo, kagua nakala. Hili huwa naliona dogo lakini limewapotosha wengi. Filamu hii ni ya dakika 121. Televisheni zetu za zamani zilifuata mfumo wa PAL, ambao hupitisha picha 25 kwa sekunde, ilhali filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Filamu ikihamishiwa kwenye mfumo huo hukimbia kidogo, sauti zikapanda kidogo, na muda ukashuka hadi dakika 116 hivi. Usiseme umeibiwa dakika tano, hujaibiwa kitu. Lakini nakala yako ikiwa ya dakika 105, jua kuna mkasi umepita. Halafu tazama pembe za picha. Nakala nyingi zilizozunguka mitaa ya Eastlands ya Nairobi zilitoka kwenye kanda za VHS, na baadhi ya filamu kwenye kanda hizo zilikatwa kando ili picha ijae kwenye televisheni za mraba. Kwa filamu ya mapenzi hasara ni ndogo. Kwa filamu ya kijasusi ni kubwa, maana anayemfuata mwenzake husimama pembeni mwa picha, na pembeni ndiko kulikokatwa. Mtu anayesema mwongozaji hakutuonyesha dalili yoyote huenda alitazama filamu isiyo na mbavu.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe, na hapa nitakaa.

Watu wa Eastlands wana kipimo kizuri cha hatari za kwenye skrini ambacho hawakufundishwa na mhakiki yeyote. Walikipata kwa filamu za kung fu za Hong Kong. Jackie Chan anapopigana unamwona kuanzia kichwani hadi miguuni, na kamera hutulia ikimtazama hadi pigo liishe. Mtazamaji aliyelelewa hivyo hadanganywi na picha zinazokatwakatwa kila nusu sekunde. Chukua kipimo hichohicho uende nacho kwa Bond wa 1973.

Mahali pa kwanza ni mamba. Bond ameachwa kwenye kisiwa kidogo katikati ya dimbwi la mamba, chambo cha nyama kinamwagwa, wanyama wanasogea. Anatoka kwa kukimbia juu ya migongo yao hadi ng'ambo. Hakuna kompyuta hapo. Aliyekimbia ni Ross Kananga, mwenye shamba la mamba huko Jamaika lilikopigiwa picha, akiwa amevaa nguo za Bond na viatu vya ngozi ya mamba. Wanyama walikuwa wamefungwa miguu, lakini vinywa vyao vilikuwa huru. Alianguka, akajaribu tena, akaumwa, na lililofaa likawa jaribio la tano. Waandishi wa filamu walimpenda hata wakampa jambazi mkuu jina lake. Tazama jinsi kamera inavyokaa upande mmoja na kumwacha akimbie mbio zote kwa picha moja. Mbio hizo ni fupi mno, hazikupi hata nafasi ya kukohoa, na hazijazeeka hata siku moja.

Pa pili ni boti. Kwenye mikondo ya maji ya Louisiana walileta boti ishirini na kitu, nyingi zikavunjwa. Dereva Jerry Comeaux aliirusha moja juu ya barabara kwa umbali wa futi 110, na ikaandikwa kuwa rekodi ya dunia. Pa tatu ni basi la ghorofa lililotolewa London. Aliyeliendesha, Maurice Patchett, alikuwa mwalimu wa madereva wa mabasi ya jiji hilo. Ghorofa ya juu ilikatwa kwa msumeno, ikawekwa juu ya magurudumu madogo, ili basi likipita chini ya daraja fupi ile ya juu ibaki nyuma. Yeyote aliyewahi kukaa ghorofani kwenye basi la KBS huku matawi ya miti yakipiga kioo hatahitaji maelezo.

Sasa linganisha. Tafuta Bond anaporuka usiku kwa tiara kubwa kuelekea nyumba ya Solitaire, mtabiri wa jambazi mkuu. Picha ya mbali ni ya kweli, kuna mtu anaruka. Picha ya karibu ya uso wa Moore ni ya studio: nywele hazipati upepo unaostahili na mandhari ya nyuma hayasogei naye. Huo ndio uzee halali wa filamu. Umeonekana, haumdhuru mtu. Msafishe hapo mwongozaji kwa yale aliyoyathubutu dakika chache baadaye.

Ninayeshindwa kumsafisha ni sherifu J.W. Pepper. Katikati ya mbio za boti anaingizwa polisi mzungu wa Kusini mwa Marekani, mnene, mtemaji tumbaku, mpayukaji. Wapo wanaomtetea kwamba angalau mara hii anayechekwa ni mbaguzi. Sawa. Ila anachekwa muda mrefu kupita kiasi, na kila anapofungua kinywa kasi ya boti inakufa. Hilo ni kosa la mizani, wala halihitaji siasa kulieleza.

Siasa tuipeleke inakostahili, kwenye hadithi. Dkt. Kananga ni mtawala wa San Monique, kisiwa cha kubuni cha Karibea. Akibandika uso wa bandia anakuwa Mr. Big, bwana wa dawa za kulevya wa Harlem, New York. Mpango wake ni kugawa tani mbili za heroini bure, wapinzani wake wafilisike, waraibu waongezeke, kisha apandishe bei. Anachezwa na Yaphet Kotto, na Kotto anaicheza nafasi hiyo kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutiiwa. Kitabu cha Ian Fleming cha 1954 kinachobeba jina hilo kina maelezo ya watu weusi yanayonuka zaidi ya filamu. Filamu ilikuja baada ya Shaft ya 1971 na Super Fly ya 1972, wakati Hollywood imegundua kwamba mtu mweusi mwenye koti la ngozi anauza tiketi, na watengenezaji wa Bond wakaenda kuchuma kwenye mti huohuo.

Lawama inayorudiwa zaidi ni hii: kila mtu mweusi anayemwona Bond ni jasusi wa Mr. Big. Dereva wa teksi ni wao. Wahudumu wa mkahawani ni wao. Waombolezaji wanaofuata jeneza barabarani New Orleans ni wao, na jeneza lenyewe limetobolewa chini ili limmeze maiti aliyechomwa kisu dakika ile. "Kwani hapa hakuna hata mmoja anayejishughulisha na mambo yake?" utasikia mtu akiuliza. Lawama ina uzito, ingawa si kweli kabisa kwamba wote ni wabaya: kuna Strutter, mweusi wa CIA, ambaye anauawa, na Quarrel Jr., ambaye anabaki kuendesha mashua.

Lakini itazame kwa jicho la mtaa. Mgeni akishuka matatu Kariobangi, hasa mgeni mwenye suti, habari zake hutangulia mbele yake. Mama mboga amemwona, wa boda amemwona, fundi wa viatu amehesabu mara ngapi amepita, na watoto wanajua ameulizia nyumba gani. Hakuna anayelipwa kwa hilo. Mtaa wenye watu wengi hujilinda kwa macho. Kwa hiyo mtandao wa Harlem kwenye filamu hii una ukweli ambao Bond haujui na pengine mwandishi mwenyewe hakuujua: mzungu mmoja mwenye koti refu akiingia mtaa wa watu weusi, hakuna haja ya mashine za kunasa sauti. Filamu inalifanyia hilo utani wake yenyewe. Sasa ling'oe suala la rangi ya ngozi, umweke bwana wa dawa yeyote mwenye macho kila kona. Hadithi inatembea. Ndiyo maana naweza kuitazama sehemu ya Harlem mara nyingi na nisichoke. Wao ndio majasusi stadi katika filamu hii. Bond kazi yake ni kukamatwa.

Nikigonga mahali pengine, nasikia puti. Solitaire, msichana anayechezwa na Jane Seymour, anamtabiria Kananga kwa karata za ramli, na uwezo wake unategemea ubikira wake. Bond anamletea pakiti ambayo karata zote ni za Wapenzi, anamwambia achomoe moja, anamwambia majaliwa yamesema, kisha analala naye. Msichana anapoteza uwezo, anapoteza ulinzi, hana pa kwenda ila kumfuata Bond. Watetezi husema enzi zile filamu zilikuwa hivyo. Jaribu kuling'oa uone. Bila ile hila ya karata Solitaire haondoki kwa Kananga, Bond hapati siri, nusu ya pili yote haina mafuta. Huwezi kusema ni utani ulioharibika na wakati. Filamu imejengwa juu yake. Linganisha na ule utani wa saa ya kufungua zipu, ambao ni ujinga mtupu, lakini ukiukata hakuna kitakachopungua.

Rosie Carver ni jambo jingine tena, na ndiye anayeniuma zaidi. Gloria Hendry, anayemcheza, ni mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Marekani kupendana na Bond kwenye skrini, na wakati huohuo Rosie ndiye mtu pekee humu anayefanya ujasusi wa pande mbili: CIA wanadhani ni wao, naye anamtumikia Kananga. Fikiria kachero wa namna hiyo angeweza kuandikwaje. Badala yake anapigishwa mayowe kwa kuona kofia yenye manyoya kitandani, anabebeshwa bunduki asiyoijua, na anauawa mapema. Hadithi haikuhitaji awe mpumbavu. Ilihitaji tu amwongoze Bond kwenye mtego. Hapo chasisi ilikuwa nzima, wakaimwagia rangi ya dharau bila sababu. Filamu ilipofika Afrika Kusini, serikali ya ubaguzi iliondoa mapenzi yake na Bond. Wao nao walikuwa na mkasi, na walijua walichokuwa wakiogopa.

Kuhusu uchawi sitasema mengi. Filamu inaanza vizuri: mtawala anawatisha wananchi kwa mizimu ili wasikaribie mashamba yake ya mipopi. Hiyo ni siasa, na tunaijua. Kisha mwishoni inamketisha Baron Samedi, mzimu wa voodoo, mbele ya gari moshi, hai, akicheka, kana kwamba mizimu ilikuwa ya kweli muda wote. Waandishi walitaka huku na huku. Aliyewaokoa ni Geoffrey Holder anayemcheza Samedi, mcheza dansi wa Trinidad aliyetunga pia ngoma za sherehe ya usiku ya mizimu. Mwili wake unasema zaidi ya mistari aliyopewa.

Kutu kubwa kuliko zote sijaona wengi wakiitaja. Tani mbili za heroini zinakusudiwa kumwagwa kwenye mitaa ya maskini. Filamu hii ya saa mbili haikuonyeshi mraibu hata mmoja. Hakuna mama anayemtafuta mwanawe usiku, hakuna kijana aliyeuza sufuria za nyumbani. Anayeishi Kariobangi, Korogocho au Huruma anajua dawa hufanya nini kwenye ploti moja, sembuse jiji. Kwa watengenezaji, hatari ilikuwa nambari inayotajwa ili Bond apate sababu ya kupanda boti. Mjadala wa miaka hamsini umekuwa juu ya nani amefanywa jambazi. Mimi ninapoipima filamu ya kijasusi ya enzi hizo huuliza nani amekataliwa kuwa mwathirika. Jibu likiwa ni umma mzima, stanti zote za boti hazitafunika.

Kuna jambo moja la kwetu linalovuruga kipimo, nalo ni madijei wa kusimulia. Eastlands imezitazama filamu nyingi kupitia sauti ya DJ Afro, kama Dar es Salaam ilivyozitazama kupitia Lufufu na Kampala kupitia VJ Jingo. Msimulizi stadi humpa jambazi mdogo jina la mtaani, humtungia deni na mke mkali, huweka wivu pale ambapo mwandishi aliweka ukimya. Mara nyingi humtengenezea utu mtu ambaye filamu ilimleta ili apigwe risasi. Ni sanaa, tena ngumu. Lakini ukiipenda filamu baada ya kuitazama hivyo, hujui bado umempenda nani. Itazame mara ya pili kwa sauti yake ya asili. Kisha, ikiwezekana, zima sauti kabisa kwa dakika kumi. Filamu ya kijasusi iliyofumwa vizuri itaeleweka bila neno: nani anamfuata nani, nani amejua kwamba anafuatwa.

Ukitaka kukijaribu kipimo hiki kwenye filamu iliyo karibu nasi zaidi, tafuta The Wilby Conspiracy ya 1975. Hadithi yake iko Afrika Kusini ya ubaguzi, lakini huko isingeweza kupigwa picha, kwa hiyo wakaja Kenya. Mwongozaji ni Ralph Nelson, yuleyule aliyemwongoza Sidney Poitier katika Lilies of the Field, iliyompa Poitier tuzo ya Oscar. Poitier alikuwa ameshafika Kenya zamani, kwa filamu ya Something of Value ya 1957 iliyohusu Mau Mau. Humu yeye ni Shack Twala, mfungwa wa siasa anayeachiliwa na mahakama kwa juhudi za wakili wake mzungu. Kabla siku haijaisha polisi wanamdai pasi, panazuka ugomvi, naye na mpenzi wa wakili, injinia Mwingereza anayeitwa Keogh, wanakuwa wakimbizi. Keogh ni Michael Caine.

Kwa rangi, filamu hii imezeeka vibaya. Kuna mapenzi yamebandikwa katikati ya msako, daktari Mhindi wa meno anayechezwa na Saeed Jaffrey amepewa ujanja wa kuchekesha, na mbio za magari zimekaa pale kwa sababu mwaka ulikuwa 1975. Wapo wasioisamehe kwa kuichukua dhiki ya mamilioni na kuifanya mchezo wa paka na panya. Nawaelewa.

Lakini lala chini uitazame chasisi. Mkimbizaji ni Meja Horn wa usalama wa taifa, na Nicol Williamson anamcheza kwa tabasamu linalotisha kuliko bastola. Horn anaweza kuwakamata mapema. Hawakamati. Anawaacha wapite vizuizi, anawakasirisha polisi wa kawaida wanaotaka sifa, kwa sababu hamtaki Twala. Anamtaka Wilby Xaba, kiongozi wa chama aliye uhamishoni, na Twala ndiye atakayemfikisha kwake. Huo ndio ujasusi wenyewe: subira, na kumwacha adui aamini kwamba ametoroka. Ling'oe wazo hilo na hakuna filamu. Na wazo lilitoka kwenye hali halisi. Afrika Kusini ilianzisha idara yake ya usalama iliyojulikana kama BOSS mwaka 1969. Mwaka huohuo, tarehe 3 Februari, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kwa posta. Mipaka haikuwa ukuta kwa watu wa aina ya Horn, na filamu inalijua hilo, maana mwisho wake uko Botswana.

Nyufa zipo. Wilby, ambaye jina lake limebeba filamu, tunamwona mwishoni tu. Aliyemcheza ni Joe de Graft, mwandishi wa tamthilia kutoka Ghana aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi miaka hiyo. Umempata mtu wa uzito ule, unampa dakika chache! Wanakijiji wanapambana na helikopta ya Horn kwa mikono, na ni tukio zuri, umati unaofanya kitu badala ya kusimama. Halafu hadithi inamwachia Keogh uamuzi wa mwisho: mzungu aliyesema siasa hazimhusu ndiye anayempiga Horn risasi. Twala amekaa kifungoni miaka, amekimbia nchi nzima, lakini anayebadilika moyoni ni Caine. Ukitaka kujua filamu ni ya nani, angalia nani ameruhusiwa kubadilika. Hata hivyo, naiweka juu ya Live and Let Die, kwa sababu ndani yake waathirika wapo, wana pasi mfukoni na pingu mikononi, na hofu yao ndiyo inayoisukuma hadithi.

Yote haya tusiyafanye kana kwamba kasoro ni za wazungu peke yao. Mwaka 1974 Elvis Musiba wa Tanzania alitoa riwaya ya Kufa na Kupona, na kachero wake Willy Gamba akasomwa kuanzia Dar es Salaam hadi huku kwetu. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa, na Willy anatumwa Nairobi kuzifuata. Mwaka 1980 David Maillu naye akamleta Benni Kamba, kachero namba 009. Willy ana magari, ana vinywaji, na wanawake humwangukia kwa wepesi ambao msomaji mwanamke wa leo atausoma akiwa amekunja uso. Hizo nguo ziliazimwa kwa Bond, hata Willy mwenyewe asingekana. Lakini ukimvua, anabaki Mwafrika anayetumwa na taifa la Kiafrika kulinda ukombozi wa bara, na maadui zake ni wa aina ya wale waliomtumia Mondlane kitabu.

Vijana wa Eastlands siku hizi wanatengeneza filamu kwa simu, na sitashangaa mmoja wao akimtaka Willy Gamba. Akija kuniuliza aanzie wapi, nitamwambia asihangaike kutafuta magari ya miaka ya sabini wala makoti yenye kola pana. Hayo mtumba wa Gikomba utayatoa. Aanze na wale wanawake. Achukue kila mmoja aliyewekwa ili kumvulia Willy viatu, ampe kazi, siri na sababu ya kumdanganya au kumsaidia, kisha aiandike upya safari ya Nairobi aone kama bado inafika.